Dari la Chumba cha Mama

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Wifi alinihakikishia kuwa siku hizi unatembea vizuri, na nimeamini, maana ulitoka kununua misumari na siku mbili zote nilizokaa kwako hukurudi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia rula tangu ujana.

Najua kwa nini ulinikimbia. Wenye ukumbi wa sanaa wanaandaa maonyesho ya kazi zangu zote, na ukuta wa kwanza wameuacha wazi kwa ajili ya zile mbao za mwanzo nilizozichora, nami ndizo nilizozifuata kwako. Unakumbuka enzi zile: watu walitaka picha za sura zao, mimi nachora miraba na pembetatu. Hakuna aliyenunua, ndipo tukazipigilia ziwe dari la chumba cha mama, rangi zikitazama kitanda. Marehemu mama akawa anawaambia wageni kwamba yeye analala chini ya kazi ya binti yake. Maneno hayo ndiyo yaliyonipa moyo miaka yote niliyochekwa.

Basi nilipofungua mlango wa chumba chake, nilikuta dari jeupe pe. Wifi alijaribu kusingizia moshi, eti ulizichafua mbao, kisha akaona uongo haumpendezi. Akasema wiki za mwisho za mama, alipokuwa hawezi kuinuka, alikuwa akifumba macho mchana kutwa. Alidai ile pembetatu nyekundu inamlenga kifuani, na kwamba amevumilia vya kutosha. Mama akakuomba upake nyeupe, na akakuapisha nisije nikajua.

Inaniuma, kaka, sitakuficha. Kumbe miaka yote alikuwa ananisitiri. Kila nilipokuja nilimuuliza kama dari linavuja. Sikumuuliza hata mara moja kama analipenda.

Wenye ukumbi wanaye fundi wa kubandua rangi, lakini nimewaambia mbao zimeliwa na mchwa. Ukuta wao watajua wenyewe.

Jambo moja sikumwambia hata wifi. Alipokwenda jikoni nilijilaza kwenye kitanda cha mama ili nilie vizuri. Nikatazama juu, hapakuwa na kitu cha kutazama. Nililala fofofo, kaka, mpaka aliponiita kula.

Ulifanya alivyotaka mama, kwa hiyo usinikimbie tena. Nisalimie wifi na watoto. Na hiyo misumari itunze, nikija nitataka kuiona.

Ni mimi mdogo wako,
Rula, kama ulivyonibatiza mwenyewe