Picha Niliyoifuta

Kasongo, Jumapili

Yaya Aristote, kaka yangu mkubwa,

Sisi huku tuko wazima, na mihogo ya mama imeshika vizuri. Kompyuta uliyoniachia inafanya kazi. Nilifuata ulivyonifundisha: sasa inatoa wifi yake yenyewe, na simu yoyote iliyo uani inaweza kuweka faili ndani yake au kuchukua, bila mtandao. Nilitaka kuweka neno la siri, mama akakataa. "Nyumba hii ilianza lini kufungia wageni mulango? Acha wazi!" Basi wanafunzi wanachukua masomo, na watu wa pikipiki wanaacha picha za safari.

Juzi mmoja aliyetoka huko Salamabila unakochimba aliacha picha za shimo la dhahabu lililoporomoka. Katika moja kuna buti la kijani kama lako. Niliifuta kabla mama hajaiona, kisha nikaweka neno la siri. Sasa ananiuliza, "Unafunga nini, binti? Iko nini mule?" Ninamjibu ni virusi. Anacheka, lakini chakula chake kinabaki sahanini.

Yaya, najua wachimbaji wengi wanavaa buti za kijani. Lakini simu yako haipatikani. Barua hii anakuletea Ismaël kwa pikipiki yake. Tafadhali, jirekodi katika simu yake. Akirudi uani kwetu nitampa neno la siri, na sauti yako itaingia katika kompyuta. Nimekutengenezea humo dosie ya kuiwekea, yenye jina lako, bado ni tupu. Hata ukikohoa tu, mama atakujua.

Mdogo wako anayekungoja,
Pascaline