Majani ya Nyuma ya Machimbo

Machi 4

Baba Watoto mpenzi,

Hamjambo huko? Kikohozi cha mdogo kimepoa? Mimi mzima, ila baridi ya maabara inanitoa machozi.

Nina ombi. Majani ya kile kichaka chenye maua ya zambarau nyuma ya machimbo niliyokuja nayo yameniozea mfukoni. Ndani ya jani mna chembe za kijani, kloroplasti, zinazoupikia mmea chakula kwa jua. Kila moja ina maandishi yake ya urithi. Tunayasoma yote, tunalinganisha na ya mimea mingine, ndipo tunajua nani ndugu wa nani. Kichaka chetu wamekibandika kwenye ukoo usio wake, nami nataka kuwaonyesha.

Chuma majani machanga, uyakaushe haraka, uyaponde, unitumie. Fundi wa mashine inayosoma maandishi hayo ameahidi kuniwahishia. Ana roho nzuri, hata jana alinisubiri tukala pamoja. Yakisomeka, Julai nipo nyumbani.

Mkeo,
Mama Watoto

Machi 19

Mama Watoto,

Sisi wazima, kikohozi kimekwisha. Wewe nakuona mzima kupita kiasi.

Huyo fundi hana kwao? Mashine inasoma majani, yeye anamsoma nani? Naona wivu, sifichi. Usingizi sina, chakula hakipiti. Najua fimbo ya mbali haiui nyoka, ila ningekuwa na nauli ungeniona mlangoni.

Majani yako hayo. Ayasome, akimaliza ale na wa kwao.

Mumeo

Juni 27

Baba Watoto,

Natumaini mmeamka salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Majibu yalikuja yakilingana kabisa na mchongoma. Nikasema mashine imechafuliwa, nikamgombeza fundi mbele ya watu. Akarudia kazi yote bila kununa. Jibu lile lile. Ndipo nikaelewa: ni michongoma ya ua wetu. Hukutoka hata getini. Nimemwomba radhi, naye hakuuliza majani yalitoka kwa nani.

Ulidhani nikikosa kichaka nitakata tamaa nirudi mapema. Sasa kimeshapukutika, hadi msimu ujao hakuna jani, na bila jani sina cha kuwaonyesha walimu wangu. Wivu wako umenibakiza hapa hapa unapopaogopa.

Nimemwomba mama yako akachume kikichipua. Nimemwambia wewe umebanwa na kazi. Kwake nimekusitiri. Watoto waambie wewe mwenyewe kwa nini mama yao haji mwezi ujao.

Mkeo