Rangi ya Kijani Chini ya Bolti

Mtaa wa Kinu, Na. 9,
Sevlievo.
3 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Lyuben,

Pokea salamu zangu na za Mama. U hali gani huko Chicago? Wanao wazima? Baridi imeshaanza kuwauma? Sisi tu wazima, ila goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atuache. Bado namtengea kikombe asubuhi, kisha nakirudisha kabatini.

Sikuandiki kukulaumu kwa kutokuja kuzika. Naelewa. Nakuandikia kwa jambo jingine, na nimeshachana karatasi mbili kabla ya hii.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya arobaini. Mama alichemsha ngano ya kumkumbukia marehemu tangu Ijumaa, akainyunyizia sukari, akasema hataki gari la mtu. Alitaka kwenda kaburini kijijini kwa gari la Baba, na kufika kabla padri hajaondoka saa sita. Nikaendesha mimi. Mzee Slavcho, jirani yetu aliyekuwa fundi umeme wa matrekta, alitufuata nyuma na lake.

Kwenye kona ya kinu cha zamani tukapita kijishimo, na umeme wote ukakatika mara moja. Injini kimya, honi kimya, vipangusa mvua vikasimama katikati ya kioo. Kama siku ile ya reli, Lyubo. Mama akakumbatia bakuli la ngano, akasema kama anayemuuliza Baba, "Leo pia, Kosta?"

Unajua Baba angefanya nini. Angefungua boneti, agonge bodi kwa mpini wa nyundo karibu na betri, atukane kidogo, na gari liwake. Aligonga hivyo miaka ishirini na miwili. Ukimuuliza, alisema redio yako ndiyo iliyounguza nyaya, hata baada ya kuing'oa.

Nami nikaichukua nyundo, lakini Mzee Slavcho akanizuia. "Weka nyundo chini, binti. Gari si punda."

Akaanza na betri. Vichwa vyake vilikuwa safi na vimekazwa. Ana kitaa chake kidogo cha kupimia umeme, chenye nyaya mbili. Akagusisha mmoja kwenye kichwa chanya na mwingine kwenye hasi, kikawaka vizuri. Betri nzima. Akapitia fyuzi moja moja, zote nzima. Akauchezesha waya mnene unaokwenda kwenye starta, akatikisa swichi ya ufunguo. Hakuna. Mama akaangalia saa. Zilibaki dakika arobaini.

Ndipo akaacha waya mmoja wa kitaa palepale kwenye chanya, na ule mwingine akauhamishia kwenye chuma cha bodi. Kitaa hakikuwaka. Akarudia mara tatu, kisha akacheka peke yake.

"Umeme kwenda unakwenda, njia ya kurudi ndiyo hauna," akasema. "Hii ni ethi tu, ile njia ya kurudi. Nani alikuwa anamtibu mgonjwa huyu?"

Akanionyesha ule utepe wa shaba unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwa bolti kwenye bodi. Kwa nje hauna kasoro. Akaifungua bolti kwa spana, na chini yake palikuwa na rangi. Rangi nene ya kijani, laini, haijakwanguliwa hata kidogo. Umeme ulikuwa unarudi kwa kuibia kwenye meno ya bolti, gari likitikisika unakosa pa kupita.

"Aliyepaka hapa alipaswa apewe uzio, si gari," Mzee Slavcho akasema.

Ni kweli, Lyubo, ilikuwa rangi ya uzio. Ni mimi niliyepaka.

Kumbuka sikukuu ya jina la Baba, siku ya mtakatifu wake, Mei ile ya tisini na sita. Wageni wa siku hiyo huwa hawaalikwi, huja tu, na wanaume wakishashika glasi zao lazima waishie kwenye boneti iliyofunguliwa. Nilitaka waone injini imekaa mahali pazuri. Alfajiri nilifungua betri, nikafungua utepe ule, nikapaka kila pembe, nikafunga tena juu ya rangi. Nilisifiwa jioni nzima. Na wiki ileile wewe ukafunga redio yako.

Gari lilipotuzimikia juu ya reli na Bibi yumo ndani, na treni ikapita tukiwa hatujamaliza kuhema kwa kulisukuma, hakuna aliyefikiria rangi. Baba aliing'oa redio akaitupa mtaroni. Akabamiza boneti kwa hasira, umeme ukarudi, akaona amepata ushahidi. Akakwambia mbele ya watu kwamba ungemuua mama yake. Nami, dada yako, nikasema, "Nilikwambia usiguse nyaya." Uliondoka kabla ya mavuno ya zabibu.

Naona aibu, mdogo wangu. Sikujua, lakini sikujua na bado nilisema.

Pale barabarani ningeweza kunyamaza. Mzee Slavcho alikuwa ameshatoa msasa. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Nilipaka kabla ya reli." Mzee Slavcho akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, na gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza.

Tulimkuta padri anavaa koti lake, akalivua tena. Baada ya sala Mama alimwaga divai juu ya udongo, akaweka ngano, akaniomba nimsaidie kuinama. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu mezani, "Kosta, haikuwa redio. Mtoto hakukosea kitu." Kisha akaniambia nikuandikie, maana Baba ameshaambiwa na bado wewe.

Ndani ya bahasha utakuta washa, kile kipete cha chuma kilichokuwa chini ya bolti. Sikuikwangua. Uione rangi kwa macho yako, na ukitaka kunikasirikia, unikasirikie ukiwa umeishika. Kumbukumbu ya miezi sita ni Februari. Tundu la redio kwenye dashibodi halijazibwa.

Wasalimie sana mkeo Marta na watoto. Mzee Slavcho anakusalimu, anasema mkono wako kwenye nyaya ulikuwa mzuri tangu utotoni. Mama anakubusu paji la uso. Mungu akulinde njiani, popote utakapoamua kuelekea.

Dada yako akupendaye, na akuombaye radhi,

Zhivka