Mimi na Zubeda Tulivyotoa Upepo kwenye Breki

Baba Rashidi, mume wangu,

Nimekaa kwenye veranda ya hospitali, hapa Arua, na mikono yangu bado inanuka mafuta ya breki. Zubeda yuko ndani. Ndiyo, mkeo mdogo, yule uliyekuwa ukinibembeleza angalau nimsalimie. Ni mimi niliyemleta.

Tangu tukuzike, mambo yamegeuka. Eda yangu imekwisha, yake inangoja mtoto. Kaka yako anataka pikipiki iuzwe. Anasema, "Mwanamuke na pikipiki wapi na wapi?" Nimekataa. Naiendesha mwenyewe, napeleka mihogo sokoni Koboko.

Jana nilikuwa natoka Dranya na gunia nyuma. Nateremka kuelekea darajani, nikabana breki ya mbele. Mkono wake ukalala mpaka kwenye usukani, hakuna kitu: upepo umeingia kwenye mafuta yake. Nilisimama kwa breki ya nyuma na kwa kuburuta miguu, roho mkononi.

Nafika nyumbani, nakuta Zubeda amekuja, analia mlangoni kwangu. Nesi wa Koboko amempapasa tumbo, akasema mtoto amelala upande, apelekwe Arua asikawie. Taksi zetu unazijua, zinajaza watu mpaka wanakaliana. Angekaa wapi na hali ile? Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ile breki.

Fundi wako amehamia upande wa Sudan, na mwingine simwamini. Leo asubuhi nikaitoa pikipiki uani, nikasugua diski na kila pembe kwa brashi na maji ya sabuni, nikafuta mpaka pakakauka. Nikajaza mafuta mapya kwenye kikopo cha breki, kile cha juu kwenye usukani. Nikavika mpira mwembamba kwenye kile kinati cha chini cha kutolea upepo, ncha yake ndani ya chupa. Lakini kazi ile inataka watu wawili. Zubeda akaja na tumbo lake, akashika mkono wa breki bila kuambiwa.

"Mimi najua," akasema. "Alikuwa ananiambia: bana, shikilia, usiachie mpaka nifunge."

Maneno yaleyale uliyokuwa ukiniambia mimi! Miaka yote nilidhani ni mimi tu. Niliumia, sikufichi. Halafu nikacheka, naye akacheka, tukacheka mpaka tukawa tunalia.

Anabana, nafungua, mapovu yanatoka, nafunga, anaachia. Naongeza mafuta. Mapovu yakaisha, mimi bado nasema, "Tena. Tena."

"Mama Rashidi," akaniuliza, "wewe iko naogopa breki ama naogopa mimi?"

Nikafungua tena kile kinati. Nilikuwa naogopa kuzika mtu mwingine.

Mkono ukawa mgumu. Nikaisukuma pikipiki uani, nikabana, gurudumu likagoma kabisa. Hata hivyo njia nzima sikutulia. Kila mteremko najaribu breki, kila lori mbele yangu napunguza mwendo. Karibu na mji ng'ombe wakaingia barabarani ghafla. Nikabana. Ikasimama, Baba Rashidi, palepale. Zubeda akanishika kiuno kwa nguvu, tumbo lake likanigusa mgongoni, na mtoto akapiga teke. Nililisikia mimi, mgongoni mwangu.

Hapa mapokezi wakauliza, "Huyu mama, mutu yake iko wapi?"

Nikasema, "Ni mimi."

Wamempeleka kupasuliwa. Mlango haujafunguliwa. Kila nesi akipita nasimama, halafu nakaa tena. Nakuandikia ili mikono yangu ipate kazi.

Pumzika, mume wangu. Sijui mlango huu utanipa habari gani. Lakini atakayetoka hai, awe mmoja, wawe wawili, anakuja kwangu: nyumba moja, chungu kimoja. Hilo nakuahidi.

Mkeo,
Mama Rashidi