Namba Zimeongezwa Ukubwa

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, shemeji na wapwa zangu wote wawili kwamba jana, saa nne na robo asubuhi, katika karakana ya vioo anakofanya kazi Baba, namba za kwenye skrini ya kompyuta ziliongezwa ukubwa. Zilikuwa kama punje za mchele. Sasa kila moja inalingana na kiberiti. Hotuba hazikuwepo. Sindano, yule mwembamba anayekata vioo pamoja na Baba, alipiga makofi mara mbili akarudi kazini.

Baada ya tangazo hilo, hamjambo huko? Kifua cha shemeji kimetulia, au bado anakohoa huku akikana kwamba anakohoa? Mpwa wangu mdogo ameshaota meno? Sisi tu wazima. Mama mguu unamsumbua kukiwa na baridi, ila mdomo hausumbuliwi na kitu. Mimi niko palepale kwenye duka la kuchapa, nikihudumia watu wanaotaka nakala moja ya kitambulisho na ushauri wa bure wa nusu saa.

Najua Mjomba alishakupigia simu akakueleza kwamba programu niliyoitengeneza imeharibu kioo cha watu, na kwamba siku hizi ananiita Injinia Pengo. Hiyo ni kweli, ananiita hivyo hata mbele ya wageni. Mengine aliyokueleza si kweli, lakini si kosa lake, mimi ndiye niliyemdanganya. Ngoja nianzie mwanzo.

Programu yenyewe ni ndogo. Unaingiza vipimo vya mteja, nayo inachora kioo kizima na kuonyesha kikatwe wapi ili mabaki yawe machache. Niliiandika kwa ile lugha ya kompyuta yenye jina la nyoka, niliyojifunza peke yangu kwa kusoma makosa yangu. Ni lugha ya upole, lakini ina tabia moja: haisemi na kompyuta moja kwa moja, inahitaji mkalimani. Kwenye laptopu yangu mkalimani yupo. Kwenye kompyuta ya karakana hayupo, wala haina intaneti, na Mama Bosi, mwenye karakana, alikuwa ameapa kwamba hataki kuwekewa vitu asivyovijua.

Kwa hiyo ilibidi nifungashe. Unaichukua programu, mkalimani wake na kila kinachowahusu, unavitia kwenye faili moja, na mtu akilibofya linafunguka bila kuuliza swali. Si kazi ngumu, ni kazi ya kukumbuka. Wewe siku ile unahamia kwa shemeji ulibeba hadi pazia la mlango, ukaacha miguu ya kitanda. Basi na mimi nilibeba yote, nikaacha faili moja dogo la mipangilio lililosema namba ziandikwe kubwa. Kwenye laptopu yangu lilikuwepo kandokando, kwa hiyo kila nilipojaribu, mambo yalikuwa shwari. Na kwa ujuaji wangu nilikuwa nimeshaiagiza programu kwamba ikilikosa faili hilo isipige kelele, iendelee tu na namba za kawaida. Ikatii.

Baba mwenyewe ndiye aliyeipeleka kazini, flashi ikiwa kwenye mfuko wa shati kama kalamu ya daktari. Jioni nilimuuliza kama namba zinaonekana vizuri. Akanijibu kwamba kila mtu kaisifu, na kwamba Mama Bosi kasema kumbe nina akili, nilikuwa naificha tu. Nikalala na furaha, sikugundua kwamba swali langu halijajibiwa.

Wiki ya pili kikakatwa kioo cha mlango wa duka la dawa. Walipofika kukiweka, upande mmoja likabaki pengo la vidole vitatu. Mwenye duka alilitazama kwa utulivu akauliza kama hiyo ni njia ya paka, maana yeye hakuagiza. Mama Bosi akaniita niache nakala zangu nije. Nilimkuta amesimama katikati ya karakana, mikono kiunoni, akisema kwamba miaka yote Mzee hajawahi kukosea hata unywele, sasa imekuja kompyuta na kioo kimekuwa kaptula.

Nikafungua programu. Ilionyesha milimita elfu moja mia nne na themanini, sawasawa kabisa na karatasi ya mteja. Kioo kilikuwa kimekatwa elfu moja mia nne na thelathini. Na ile nane pale kwenye skrini ilikuwa ndogo, dada, ndogo ya kumfanya hata mimi niinamishe shingo.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikafunga dirisha la programu haraka nikatangaza kwamba ni hitilafu, kwamba imekosea hesabu, kwamba ni uzembe wangu na ninaomba wiki moja. Mama Bosi akasema wiki moja nimepewa, na baada ya hapo kompyuta itatumika kuwekea vikombe. Habari hiyo ndiyo iliyomfikia Mjomba, na Mjomba akaipeleka kwako ikiwa bado ya moto.

Sasa nikwambie nililokuficha. Baba haoni vitu vya karibu. Ameanza zamani kidogo, mimi nimejua tangu miezi mitano iliyopita, aliponipa simu yake nimsomee ujumbe wako akidai kwamba maandishi yako ni mabaya. Maandishi ya simu, dada! Nilipombana akakiri, akaniapisha nisikwambie. Unakumbuka wewe mwenyewe ulivyosema mbele ya watu wote, kwamba siku mwili wake utakapoanza kumkatalia, utakuja na gari umchukue ukamkalishe kwako kwenye kiti. Wewe ulisema kwa mapenzi, yeye alisikia hukumu. Na zaidi ya hapo, anaogopa kwamba ni yale yale ya Bibi, aliyeanza hivihivi akamalizia gizani. Ndiyo maana hataki kwenda kupimwa. Anasema asichokijua hakimnyimi usingizi.

Mikono yake haina shida. Ile rula yake ya mbao ameichonga alama mwenyewe, anazipapasa kwa kidole gumba na hakosei. Shida ni kusoma namba tu. Hivyo nikajiona mjanja: nitengeneze programu ya karakana nzima, yenye namba kubwa, na asijue mtu kwamba ni ya mtu mmoja. Na yeye alipoziona ndogo hakuweza kunilalamikia mbele ya watu, akabahatisha. Yeye na programu wote walikosa kitu, na wote wakanyamaza.

Wiki hiyo nilifungasha upya, mipangilio ikiwa ndani. Safari hii nilikwenda mwenyewe, nikakaa mbele ya mashine ileile hadi nikaona namba kwa macho yangu. Baba akazisoma kutoka upande wa pili wa meza, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

Ndipo Sindano akanivuta nje. Aliniambia kwamba yeye amejua habari za macho ya Mzee kwa miaka miwili. Kila oda ilipoingia, alikuwa anaisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, watu wakidhani ni kiherehere chake. Ilipokuja skrini aliacha, akaona nimeshaleta dawa, na Mzee hakusema neno. Akaniuliza kama nafikiri alikuwa anapiga kelele miaka yote ile kwa kupenda sauti yake. Nilidanganya kwamba programu ndiyo iliyoharibu kioo, kumbe nilikuwa nasema kweli.

Baba alipopata habari kwamba Sindano anajua, aliiacha chai yake ikapoa mezani. Kisha akaenda kwa Mama Bosi akamweleza mwenyewe. Mama Bosi akamwambia kazi yake ipo, ila akapimwe kwanza, na akirudi aje na jibu, siyo hadithi. Alhamisi nitampeleka. Ameniruhusu nikuandikie, kwa sharti kwamba usije na gari kabla ya jibu. Anaogopa, dada. Tangu jana jioni ananyoosha shati la kwendea.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, yeye mwache. Msalimie shemeji, mwambie akohoe waziwazi. Wapwa zangu wabusu mashavu kwa niaba yangu, na Mama anakuuliza ule ungo wake utarudi lini.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba

N.B. Barua hii ilichelewa kupelekwa posta, leo ni Ijumaa. Daktari alimpima Baba kwa dakika kumi. Macho ni mazima, ni umri tu. Amepewa miwani ya kusomea.