Mtani Aliyenisalimia kwa Heshima

Jumatatu, 3 Mei 1982

Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne mpaka shingo ikakakamaa. Kugawanya bado hawajui. Kidonda cha ziwa langu kinawasha, labda kinapona. Baba Limi alikwenda hospitali Ijumaa kuchukua majibu ya kile kipande cha uvimbe walichonikata. Anasema mambo si mabaya. Hakunitazama aliposema.

Jioni nimepita kwa Mama Zuhura kununua vitumbua. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma. Miaka minane ya ujirani hajapata kuniuzia kitumbua bila kunitukana kwanza. Mla michembe, viazi vyetu vikavu. Mcheza na nyoka. Nami humrudishia, ndiyo haki ya watani. Leo kasema, "Pole na kazi, Mwalimu. Mungu akupe nguvu." Akakataa na hela.

Nimeogopa. Vitumbua sikuvila.

Jumatano, 5 Mei

Mwalimu Mkuu kaniondolea vipindi vyote vya mchana. Eti nipumzike. Sikuomba kupumzika.

Nyumbani Baba Limi anaosha vyombo! Mwanamume huyu tangu tuoane hajui sufuria zinakaa wapi. Kaleta na sukari kilo nzima, wakati duka la ushirika halijaiona sukari tangu Pasaka. Kila mtu mpole. Upole huu unaninyonga.

Alhamisi, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mama Zuhura makusudi, kumchokoza. Nimemwambia Wazaramo kazi yao kukaa barazani kusubiri nazi ianguke, na kwamba mumewe, fundi cherehani mzima, kamshonea Mwalimu Mkuu suruali ya miguu miwili ya kushoto. Tusi zuri, nimelitunga njia nzima.

Akaanza kulia.

Mtani halii. Mtani anajibu. Nikafunga mlango nikamwambia aseme. Akasema. Saratani. Daktari alimweleza Baba Limi, akamkataza asinitishe. Baba Limi likamwelemea, akamweleza Mama Zuhura, na Mwalimu Mkuu pia. Natakiwa Dar es Salaam kwenye mionzi. Ziwa ni langu, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Ijumaa, 7 Mei

Ugomvi. Nimemfokea Baba Limi mpaka sauti ikakauka. Analia, nami sikumhurumia.

Siendi Dar. Binti wa mama mkubwa alipelekwa huko, akarudi kijijini kwetu Didia ndani ya sanduku. Kama ni kufa, nitafia kitandani kwangu. Nimesema hivyo na nimemaanisha.

Limi kauliza kwa nini baba hali. Tukamwambia anaumwa jino. Sasa na sisi tunamficha mtoto.

Jumapili, 9 Mei

Wamekuja kutoka Didia. Mama, shangazi, na wanawake wanne wa ukoo. Wametandika mikeka sebuleni, wamenyoosha miguu, wananong'ona. Nikisimama, wananikalisha. Nikishika ufagio, wananipokonya. Mama ananikanda nyayo. "Mayu, mayu," mama, mama, basi, hana neno jingine.

Shangazi kamuuliza Baba Limi kama atakubali nikazikwe Didia. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Hata hasira sikuipata. Naanza kuamini kwamba nimeshakufa, ila sijapewa taarifa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaogopa nini.

Jumanne, 11 Mei

Mama Zuhura kaingia bila hodi. Kapita katikati ya mikeka, kaingia chumbani kwangu. Katoka amevaa gauni langu la kijani la shule, miwani yangu puani, kipande cha chaki mkononi.

Msibani ndivyo watani wanavyofanya. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza mwendo na maneno, mpaka wafiwa wacheke. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale pale, hai, na bakuli la uji.

Kaigiza ninavyotembea, kifua mbele kama karani wa bwana mkubwa. Kaigiza ninavyonusa madaftari yenye mafuta ya vitumbua. "Kimya! Hata wewe unayenyamaza kwa kelele!" Ndivyo ninavyosema, kweli. Sikuwa najua.

Shangazi akainuka. "We mwanamke, unamchuria! Huyu hajafa!"

"Hee! Kumbe mnajua hajafa? Mbona mmeshatandika mikeka?" Kisha kanigeukia mimi. "Nimekuja mapema, Mla Michembe. Siku yenyewe nitajisumbua kukuigiza, nawe umelala tu, hucheki? Na gauni hili ukifa ni langu, ila linanibana. Nenda kwetu Dar wakunenepeshe kwa wali wa nazi, ulipanue, ndipo ufe."

Nimecheka mpaka mshono ukauma. Mama naye kacheka, mkono mdomoni. Shangazi kajizuia, kashindwa. Halafu nikalia, kilio chenyewe sasa, cha kwanza tangu Alhamisi, na hakuna aliyeninyamazisha. Nikasema mbele yao wote kwamba naogopa kufia mbali, na naogopa Limi atanisahau sura.

Usiku nimemwambia Baba Limi nitakwenda. Sijui ni ujasiri au ni lile gauni.

Alhamisi, 20 Mei

Stesheni. Treni imechelewa, kama kawaida yake. Jana nilimweleza Limi mwenyewe, jina la ugonjwa na mahali ninapokwenda. Kauliza kama mionzi inauma. Nikasema sijui, nikirudi nitamwambia.

Jumatano, 16 Juni. Dar es Salaam

Mashine inavuma, haiumi. Kichefuchefu kinakuja jioni.

Hapa yupo wa kupima damu, yupo wa picha, yupo wa mashine. Wa kukaa na mtu akamuuliza anaogopa nini, hayupo. Jirani yangu wa kitanda cha pili katoka Katoro. Ana wiki ya pili hapa na hajui anatibiwa nini. Kaniuliza mimi! Nimemwita Sista, nikamwomba amweleze. Sista kakaa kitandani kwa yule mama, kavua na viatu. Wamezungumza muda mrefu. Baadaye kaniambia jambo hili chuoni hawakufundishwa. Hata sindano mtu hujifunza kwa kuchoma, nikamwambia. Kacheka.

Jumatano, 8 Septemba. Nyumbani

Nimerudi hospitali yetu kuangaliwa. Daktari kapapasa kovu, kapapasa kwapa. Kisha kamwita Baba Limi ndani, akaniambia mimi nisubiri nje.

Nikasema hapana, Baba Limi ndiye atakayesubiri nje.

Daktari ni kijana, kalamu ikamsimama mkononi. Lakini kaniambia. Ziwani pametulia. Kwapani kuna kitu kidogo. Huenda ni kovu la ndani, huenda ugonjwa umerudi. Atanipima tena baada ya mwezi. Nimemuuliza maswali matatu. Mawili kasema hana majibu yake, na nimemshukuru kwa hilo.

Baba Limi alikuwa kwenye benchi, kofia mapajani. Nimekaa ubavuni kwake nikamweleza yote, na la kwapani nikamweleza. Kanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya maishani. Tumekaa hivyo mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu.

Tukapitia sokoni, tukanunua mkaa na nyanya.