Kidole cha Mama Kwenye Nusu Dola

Nyumba 41, Mtaa wa Mulberry,
Lancaster, Pennsylvania.
9 Novemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Galen,

Salamu nyingi zikufikie huko Alaska, kwenye baridi yako uliyoichagua mwenyewe. Hujambo? Wifi yangu Marit hajambo? Kifua chako kimepoa, au bado unakohoa na kusingizia moshi? Sisi huku hatujambo, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atutoke. Nimekukumbuka sana. Siku nyingine naandaa meza, naweka na sahani yako, halafu nairudisha kabatini huku najisema mwenyewe.

Simu ya juzi ilikatika sijamaliza, ndiyo maana naandika. Nilikuambia Bwana Thornbury, yule mtaalamu wa sarafu wa Philadelphia, ameichunguza nusu dola ya Baba ya mwaka 1832. Basi ni ya kweli. Ni sarafu ya kielelezo, ile iliyogongwa kwa muhuri uliosuguliwa ukawa kama kioo, wakapewa wakubwa waitazame. Haijawahi kununua hata mkate.

Natamani Baba angekuwepo asikie. Unamkumbuka mzee Amos Herr wa chama cha sarafu, alivyokuwa akimtania kila mkutano? "Enos, hiyo ni pesa ya dukani tu, kuna mjanja kaisugua kwa majivu akakuuzia." Baba alikuwa anacheka pale, lakini akifika nyumbani hali chakula.

Thornbury alinipa lenzi nitazame mwenyewe. Akaniambia mtu akisugua sarafu anaacha mikwaruzo iliyochimbika. Ya Baba mistari yake imeinuka, kwa sababu kilichosuguliwa ni muhuri, si sarafu. Nikaiona, myembamba kama nywele za mtoto. Nililia palepale ofisini kwake bila haya, maskini akatoka mbio kunitafutia maji.

Sasa hapo ndipo tulipokatikia. Mbele ya uso wa yule bibi mwenye kofia aliyechorwa kwenye sarafu, pale patupu panapong'aa, pana alama ya kidole gumba iliyokwisha kuwa nyeusi. Thornbury anasema akiitumbukiza sarafu kwenye dawa yake, alama itaondoka, na itakuwa miongoni mwa safi kabisa alizowahi kuzishika. Wewe ukasema, "Si aisafishe tu, dada, unangoja nini?" Sikukulaumu. Hakuna aliyewahi kukuambia kidole kile ni cha nani.

Ni cha Mama. Baba aliiacha sarafu mezani juu ya kitambaa, akaenda kufungua mlango. Mama alikuwa anasukuma unga wa pai, mikono yote siagi. Akaiokota kwa kuibana katikati, aiondoe njiani. Na unajua kwetu, mtoto alikuwa anafundishwa kushika sarafu ukingoni kabla hajafundishwa kushika kijiko. Baba aliporudi akaiona, akakaa.

"Lavinia, umeniua."

"Basi tutakuzika nayo," Mama akamjibu. "Sogea, nina pai ya kuoka."

Wakanuniana mpaka Jumapili. Mimi nilikuwa chini ya meza, nacheka kimyakimya.

Majira ya baridi yaliyofuata Mama akafariki, wewe hata kutembea bado. Toka hapo nilikuwa namwona Baba na lenzi yake dirishani, anaigeuza sarafu kwenye mwanga, anatazama upande ule mmoja tu. Mzee Herr alipomshauri aioshe, Baba alimwambia, "Ukiigusa, Amos, nitakuvunja mkono." Herr akadhani ni utani.

Baba ametuachia sarafu hiyo sisi wawili, kwa hiyo Thornbury hataigusa wala kuirudisha bila neno lako. Nakuomba useme isioshwe. Njoo wakati wa Krismasi, Galen, uitazame kwanza. Umeniuliza miaka yote Mama alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nimekwisha kukupa kila nilichonacho. Sauti yake sasa inanipotea, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Shangazi Drusilla anakusalimu, anauliza kama huko mnapata kabichi. Nettie wangu anamsalimu mjomba wake na anadai barua yake mwenyewe. Nisalimie wifi Marit, mwambie nimeanza kumfumia sweta. Mungu awafunike huko mliko, awape njia ya kuja.

Na kabla hujamwandikia Thornbury, jua jambo moja. Ulipokuwa unaota meno ulikuwa hulali mpaka Mama akupe kidole gumba cha mkono wa kulia ukitafune. Ndicho hicho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Rowena